Siku tisa kufuata pamba, Charleston mpaka Lowell

Kilichonitoa nyumbani ni neno moja la bibi yangu. Bibi yuko Pangani, umri umekwenda ila kichwa bado kizima, na kwake kitambaa chochote cha pamba kizito kisichotiwa rangi ni merikani. Foronya merikani, tanga la ngalawa ya marehemu babu merikani, sanda merikani. Jina limetoka wapi nyote mnajua, ni kitambaa cha toka Marekani, hata mi nilijua toka nipo shule ya msingi, lakini nimekaa Atlanta mwaka wa tano ndo siku moja niko ghalani nafunga maboksi likanijia swali, ile pamba sasa aliichuma nani?

Jibu ukikaa dakika mbili unalipata mwenyewe, watumwa. Ila kulipata na kwenda kukanyaga pale ni vitu viwili. Nikaomba likizo siku tisa mwezi wa kumi, nikamvuta mshkaji wangu Mkongo wa Bukavu mwenye Corolla ya mwaka arobaini na saba, tukakubaliana mafuta nusu kwa nusu. Haya.

Siku ya 1

Tumetoka saa kumi na moja alfajiri. Ramani ya simu inasema masaa matano mpaka Charleston, tumetumia nane coz Mkongo anasimama kila penye kahawa. Njiani tumekuta mzee mweusi anauza karanga za kuchemsha kwenye sufuria kubwa, ameandika kwa mkono kwenye ubao "goobers". Tukauliza ndo nini hiyo, akacheka, karanga wanangu, bibi zetu waliziita hivyo. Mkongo akaacha kutafuna. "Ndugu, kwa Kilingala karanga ni nguba!" Akamrudia mzee mara tatu, nguba, nguba, nguba, mzee naye anarudia, tumesimama pale barabarani watu wazima watatu tunaitana karanga.

Kumbe ndo hivyo kweli, neno limetoka pande za Kongo na Angola. Hata gumbo, ule mchuzi wao maarufu wa Louisiana, asili yake ni jina la bamia huko huko. Watu walishushwa melini hawana hata kitambaa mwilini, ila jina la karanga walifika nalo.

Siku ya 2

Charleston ni mji mzuri na hilo ndo tatizo lake. Nyumba za rangi za pipi, farasi wanavuta watalii, harusi kila kona. Inakadiriwa karibu nusu ya Waafrika walioletwa moja kwa moja Amerika Kaskazini waliingilia huku, na wote walioletwa moja kwa moja ni kama 388,000 tu. Nasema "tu" kwa sababu waliopakiwa melini Afrika kuvuka Atlantiki ni kama milioni 12 na nusu, wengi wakapelekwa Brazil na visiwa vya Karibi. Marekani ilichukua kidogo afu ikazalisha wenyewe, mpaka 1860 watumwa walikuwa karibu milioni 4. Yaani mtoto akizaliwa na mama mtumwa ni mali ya tajiri siku hiyo hiyo, kama ndama.

Tumeenda Gadsden's Wharf, gati walikoshushwa watu kwa maelfu miaka ya mwisho kabla biashara ya kuvuka bahari haijapigwa marufuku tarehe 1 Januari 1808. Sasa hivi pana makumbusho makubwa yaliyofunguliwa 2023, na jengo lenyewe halijagusa ardhi, limenyanyuliwa juu ya nguzo ili pale chini pabaki wazi. Chini wamechonga sakafuni maumbo ya watu waliolazwa wamebanana kama walivyobanwa melini, na maji yanapanda na kushuka juu yao. Mi mtu wa pwani, maji kupwa na kujaa nimezaliwa nayo, lakini kuona maji yanaingia taratibu yanawafunika wale watu nikaondoka nikaenda kukaa kwenye benchi. Watoto wa shule walikuwa wanarukaruka juu, mwalimu hakuwakataza, na sijui kwanini hilo halikuniudhi.

Mchana Chalmers Street, lilipo jengo la Old Slave Mart. Mpaka 1856 watu waliuzwa hadharani nje, halafu mji ukaona aibu, sio aibu ya kuuza, aibu ya kuuza barabarani wageni wanaona, wakasema ingieni ndani. Ndo yakafunguliwa masoko ya ndani kama hili. Walikuwa wanawapaka mafuta wang'ae, mvi zinapakwa rangi nyeusi, wanalishwa vizuri wiki kadhaa kabla ya mnada. Nilivyosoma hapo nikakumbuka masimulizi ya soko la Unguja, mafuta yale yale, kutembezwa kule kule, kufunuliwa meno kule kule. Biashara hii ina ujuzi wake na ujuzi ulifanana bara mbili.

Jioni tumeona kina mama wa Kigullah, wazao wa watumwa wa pwani hii, wanasuka vikapu vya nyasi sokoni. Mkono wanavyouzungusha ni kama wanashona ungo. Bei sijaiweza.

Siku ya 3

Savannah, masaa mawili. Hapa nilikuja kwa jambo moja tu, mnada wa tarehe 2 na 3 Machi 1859. Tajiri mmoja Pierce Butler alikuwa na mashamba ya mpunga na pamba kwenye visiwa vya Georgia, alirithi, yeye mwenyewe anaishi zake Philadelphia anacheza kamari na hisa mpaka madeni yakamfika shingoni. Wakaamua kuuza watu wake. Wakaletwa watu 436 wakawekwa kwenye mabanda ya farasi ya uwanja wa mbio nje ya mji, wanunuzi wanapita siku kadhaa wanawakagua, halafu siku mbili mfululizo wakauzwa huku mvua inanyesha haikatiki. Wazee wanaita Wakati wa Kulia. Zikapatikana dola 303,850.

Kuna kijana anaitwa Jeffrey, miaka 23, kwenye katalogi ni namba 319. Kauzwa siku ya kwanza. Mchumba wake Dorcas ni namba 278 na zamu yake kesho. Jeffrey akamfuata bwana wake mpya kofia mkononi akamwomba amnunue na Dorcas, na akamsifia kama mtu anavyosifia ng'ombe, kwamba ana nguvu, anafaa shamba la mpunga, bwana hutojuta, maana hiyo ndo lugha pekee ambayo yule bwana angeisikia. Mapenzi hayana bei pale. Bwana akakubali kufikiria, kesho yake ikaonekana Dorcas anauzwa fungu moja na watu wengine wanne, hawakatwi. Bwana akasema basi. Imeisha hivyo.

Wakati wanaondoka Butler alipita akampa kila mtu dola moja, robo nne mpya mpya. Mkongo hilo la robo nne limemkaa kuliko yote, usiku mzima anarudia, "robo ine! anabapatia robo ine!"

Uwanja wenyewe haupo. Kuna kibao cha chuma kwenye kipande cha bustani, magari yanapita.

Siku ya 4

Siku ya kuendesha, Savannah mpaka Montgomery, kusini mwa Georgia huku na huku ni pamba. Mwezi wa kumi ndo imepasuka, nyeupe mpaka upeo wa macho. Tukapata pancha katikati ya hakuna mtu, jeki ya Mkongo mbovu, tukakaa saa zima na nusu kusubiri msaada, basi nikashuka mpaka ukingo wa shamba nikachuma tumba moja. Pamba yenyewe laini lakini ganda lake likikauka linachoma kama mwiba, na ukitaka kuchuma haraka lazima vidole viguse ganda. Nimechuma matano nina mikwaruzo miwili.

Solomon Northup, mtu huru wa New York alietekwa 1841 akauzwa Louisiana kwa miaka kumi na miwili, alisimulia kwamba kiasi cha kawaida cha siku shambani kwake kilikuwa ratili 200, kama kilo tisini. Jioni unapanga foleni kwenye mzani na moyo unadunda, ikipungua viboko, ikizidi basi kesho kipimo chako ni hicho kipya.

Na chanzo cha haya mashamba yote kiko pale pale karibu na Savannah tulikotoka. Mwaka 1793 Eli Whitney alitengeneza kimashine cha kutenganisha pamba na mbegu. Kwa mkono mtu alikuwa anasafisha kama ratili moja kwa siku, mashine ikafikisha hamsini. Ungedhani mashine inapunguza watumwa. Wapi! Kusafisha kukawa rahisi kwahiyo mashamba yakaongezeka, na kuchuma bado ni vidole. Toka laki saba hivi mwaka 1790 mpaka karibu milioni nne 1860, hesabu ya watumwa ilikwenda na pamba. Na kwa sababu kuleta toka Afrika kumeshakatazwa, watu kama milioni moja waliuzwa ndani kwa ndani kutoka Virginia na Maryland kuja huku, wengi kwa miguu, minyororo mkononi. Miaka hiyo pamba peke yake ilifika zaidi ya nusu ya bidhaa zote Marekani ilizouza nje.

Fundi akafika, akauliza sisi ni wa wapi, tukamwambia Tanzania na Kongo, akaangalia pamba mkononi kwangu akacheka sana hakusema kitu. Mweusi mwenzetu. Sikumuuliza kinachomchekesha.

Siku ya 5

Montgomery. Tulipanga nusu siku tukakaa mpaka wanafunga.

Asubuhi kilimani kwenye ukumbusho wa walionyongwa na makundi ya watu. Masanduku ya chuma kilicholiwa kutu, zaidi ya 800, kila moja ni wilaya, yameandikwa majina na tarehe. Mwanzo yako usawa wako, unasoma kama unamwangalia mtu usoni. Halafu sakafu inaanza kushuka na yenyewe yanabaki pale pale, mpaka mwisho yananing'inia juu ya kichwa chako na shingo inauma kusoma. Waliohesabiwa ni zaidi ya 4,400, kati ya 1877 na 1950. Yaani utumwa umeshaisha! Ukutani wameandika sababu. Jesse Thornton, Luverne, Alabama, 1940, kosa lake alimwita polisi mzungu kwa jina bila kutanguliza "bwana". Mi nimelelewa ukipita mbele ya mkubwa bila shikamoo unapigwa kofi, heshima naijua, lakini shikamoo unampa mzee na yeye anakurudishia marahaba. Hii ya Luverne ni ya upande mmoja na haina marahaba.

Mchana bustani ya sanamu kando ya mto Alabama, imefunguliwa 2024. Mwisho wake kuna ukuta mkubwa kama kitabu kilichofunguliwa, umeandikwa majina ya ukoo 122,000. Mantiki yake ni hii. Kwenye sensa za 1850 na 1860 watumwa waliandikwa umri, jinsia na rangi, jina hakuna, jina liliandikwa la mwenye mali. Sensa ya kwanza baada ya uhuru ni ya 1870, ndo watu wakaulizwa jina lako nani na la ukoo wako nani wakajibu wenyewe. Ukuta ni hayo majibu. Watu weusi wa huku wanakuja na familia wanatafuta lao, dada mmoja alilipata akaweka kiganja akabaki hivyo hivyo, mumewe amebeba mtoto wanasubiri nyuma. Mkongo akaniambia polepole, "Hawa batu balijipatia majina benyewe." Treni ikapita ng'ambo inapiga honi, hiyo reli nayo ilijengwa na watumwa.

Siku ya 6

Selma tumepita, lile daraja walikopigwa waandamanaji weusi wa haki ya kura 1965 tumevuka kwa miguu, tukapiga picha, joto, tukaendelea.

Mobile, kitongoji cha Africatown. Hii hadithi wengi hawaijui. Mwaka 1860, miaka hamsini na mbili baada ya marufuku, na sheria inasema kuleta mtumwa ni uharamia hukumu yake kifo, tajiri wa hapa Timothy Meaher akawekeana dau na wenzake kwamba ataleta watu toka Afrika na hakuna atakayemfanya kitu. Akatuma jahazi, Clotilda, nahodha William Foster, likaenda Ouidah kwa mfalme wa Dahomey, Benin ya leo, likarudi na watu kama 110. Wakashushwa usiku, jahazi likachomwa moto likazamishwa mtoni kufuta ushahidi. Na kweli hakufungwa mtu. Mabaki yalikuja kuthibitishwa 2019, vipande vya mbao viko kwenye matangi ya maji pale kwenye nyumba yao ya urithi, vyeusi kama mkaa.

Hawa walikaa utumwani miaka mitano tu, vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe ikaisha 1865 na utumwa nao. Wakataka kurudi kwao, nauli hawana. Wakamwendea Meaher, wewe umetutoa kwetu, basi tupe ardhi. Akakataa! Wakafanya kazi kwenye viwanda vya mbao, wakakusanya senti, wakanunua viwanja wakajenga kijiji chao, wana viongozi wao, kanisa lao, wanaongea lugha yao. Mmoja wao Cudjo Lewis, jina la kwao Kossola, aliishi mpaka 1935. Bi Matilda McCrear aliyeletwa mtoto mdogo alifariki 1940. Bibi yangu alizaliwa 1938, nimepiga hesabu hiyo mara tatu kwenye gari. Walikuwa duniani pamoja miaka miwili.

Siku ya 7

New Orleans tulifika usiku, gesti ina kiyoyozi cha mapambo, hatukulala. Asubuhi mashamba ya miwa, Whitney (sio yule Eli wa mashine), saa zima kutoka mjini. Mashamba mengi ya mto Mississippi ukienda unaonyeshwa nyumba ya tajiri, mapazia, vyombo vya fedha, hili limefunguliwa 2014 kwa ajili ya waliofanya kazi. Kuna uwanja wa majina ya watoto wadogo 2,200 wa parokia hiyo moja (Louisiana wilaya wanaiita parokia) waliokufa hawajatimiza miaka mitatu. Kuna vichwa vya udongo juu ya fimbo za chuma, ukumbusho wa maasi ya Januari 1811, watumwa walitembea na mapanga kuelekea New Orleans wakiongozwa na Charles Deslondes, walivyoshindwa wakakatwa vichwa vikachomekwa kando ya mto kwa maili nyingi. Na masufuria ya kuchemshia sukari, makubwa mtu anaingia.

Mi siku hii nilikuwa nimejaa. Ukweli nilikuwa naangalia lakini haviingii. Mkongo akasema twende tukale, tukaenda tukala gumbo.

Siku ya 8

Mkongo karudi Atlanta na Corolla, mi nikapanda ndege kwenda Boston kwa binamu yangu. Uwanjani kuna masaa matatu ya kukaa, ndo niandike hili ambalo limenikaba safari nzima.

Kila mahali tulipopita watu wakisikia Tanzania wananikumbatia, karibu nyumbani ndugu, na mi napokea. Lakini mi ni wa Pangani. Misafara ya bara ilikuwa inaishia kwetu. Kuna jengo bovu karibu na mto tulikuwa tunacheza kibaba-mama tukiwa wadogo, wakubwa wanasema lilikuwa la kufungia watumwa, na wakishasema hivyo wanabadilisha mazungumzo. Kazini kwangu ghalani kuna jamaa mkimbizi wa Kisomali, Mbantu, siku ya kwanza namsikia anaongea na simu nikageuka, anaongea Kizigua! Kizigua cha Handeni kabisa. Mababu zake walichukuliwa toka pande zetu kwa jahazi kwenda Somalia karne ya kumi na tisa kwenye njaa kali, wajukuu wakafukuzwa na vita wakaletwa Marekani. Yeye ananiita mjomba. Sijawahi kumuuliza anajua nini kuhusu Pangani na yeye hajawahi kuniuliza mi ni wa nani.

Siku ya 9

Lowell, Massachusetts. Kaskazini, hakukuwa na mashamba ya watumwa, kuna mito na matofali mekundu. Hapa pamba ya Alabama na Georgia na Mississippi ilikuja kufumwa, kiwanda cha Boott kilianza 1835 na sasa ni makumbusho. Wanakupa vizibo vya masikio kabla ya kuingia, mashine 88 za kufumia ziko ukumbi mmoja, wanaziwasha chache tu na sakafu yote inatetemeka mpaka meno. Walikuwa wanafuma hata kitambaa kile cha ovyo cha kuwavalisha watumwa wenyewe, pamba inapanda huku inarudi kule mgongoni kwa aliyeichuma. Charles Sumner wa jimbo hili hili, aliyekuja kuwa seneta baadae, mwaka 1848 alisema kuna mapatano ya mabwana wa mjeledi na mabwana wa kitanda cha kufumia. Wakubwa hawakumpenda.

Na kutoka viwanda vya huku, kupitia bandari ya Salem mwendo mfupi tu toka hapa, ndo kitambaa kilipakiwa kwenda Unguja. Marekani na Sayyid Said walisaini mkataba 1833. Mwaka 1840 Sayyid akatuma meli yake Sultana mpaka New York na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, New York nzima ikatoka kuangalia Mwarabu na kilemba, picha yake ya kuchorwa ipo kwenye makumbusho ya Salem. Wanaleta pembe za ndovu na karafuu, wanachukua merikani. Pembe zikawa vitufe vya piano huko Connecticut. Merikani ikapanda misafara kutoka Bagamoyo na Pangani kwenda bara, doti kwa doti, ndo hongo ya kupita kwa machifu, ndo mshahara wa pagazi, ndo bei ya pembe na ndo bei ya mtu. Vita vya Marekani vilipoanza 1861 pamba ikakatika, merikani ikaadimika Unguja, vitambaa vya Waingereza na vya Bombay vikachukua nafasi. Sasa nipangie mwenyewe, mtu kauzwa Savannah, kachuma pamba, pamba imefumwa Lowell, imefika kwetu imenunua mtu mwingine.

Nikatoka nje nikampigia bibi. Kwao saa kumi na mbili jioni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Uko wapi kunanguruma hivyo?"

Nikamweleza, niko kwenyewe kulikofumwa merikani, nikamweleza na pamba na waliochuma, vyote, nimeongea kama dakika kumi pesa ya simu inakwenda. Akanyamaza kidogo.

"Na huku watu walinunuliwa kwa nini, we ulidhani? Kwa mchanga?" Nasikia anakohoa. "Bibi yake mama yangu alitoka bara. Hakuja kutembea."

Miaka yangu yote sijawahi kulisikia hilo. Nikamuuliza alitoka wapi, jina lake nani, akasema jina alilokuja nalo halijui, la Pangani ndo analijua, Mwanahawa. Ukuta wa Montgomery ukanijia pale pale.

"Wanauza hapo?" akaniuliza.

"Nini bibi?"

"Merikani si ndo umesema wanafuma. Niletee jora."

Nikamwambia majora hakuna tena, dukani kuna vitaulo tu vya jikoni vimefumwa na zile mashine.

"Basi niletee hicho kitaulo, nikione."